Theluji Utaiweka Wapi? Mwongozo Kamili wa Kusafisha Theluji Milimani Colorado

Waswahili wengi wa Colorado wanaishi chini kwenye tambarare, Denver, Aurora na Greeley, ambako theluji ya Jumatatu aghalabu imeshayeyuka ikifika Alhamisi. Kisha kazi ya hotelini, ya ujenzi au ya udereva inampandisha mtu juu, Summit County, kwenye miji ya Frisco, Dillon, Silverthorne na Breckenridge. Huko hesabu inabadilika. Breckenridge uko zaidi ya mita 2,900 juu ya usawa wa bahari, na vituo vya kuteleza kwenye theluji vya kaunti hiyo hutangaza wastani wa kati ya mita 6 na 9 kwa msimu. Mjini kwenyewe inaanguka pungufu ya hapo, lakini ya Novemba unaweza kuikuta Aprili palepale ulipoisukumia.

Tambarare jua hukumalizia kazi. Mlimani unaihamisha tu theluji, na kila ulipoiweka inakaa, inagandamana, inakuwa ngumu kama zege, kisha inakusubiri na nyingine ijayo. Ndiyo maana watu hununua mashine ya kurusha theluji ya dola elfu mbili, na ikifika Februari hawana pa kuegesha gari. Nguvu wanazo, nafasi ndiyo imewaishia. Mwongozo huu unaanzia hapo.

Piga hesabu kabla haijaanguka

Chukua njia ya gari ya kawaida, kutoka barabarani hadi mlango wa gereji: upana mita 5, urefu mita 12. Hizo ni mita za mraba 60. Usiku mmoja zikianguka sentimita 30, umeamka na mita za ujazo 18. Theluji kavu ya Januari ina uzito wa kama kilo 80 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo mbele ya mlango wako kuna kilo 1,440. Theluji ya Machi au Aprili, iliyojaa maji, inafika kilo 200 kwa mita ya ujazo kwa urahisi, na kina kilekile kinakuwa tani tatu na nusu na zaidi. Ukichungulia dirishani hutaona tofauti yoyote. Mgongo utaiona.

Sasa panua hesabu hadi msimu mzima. Tuseme zimeanguka mita 4 kwa jumla. Ni mita za ujazo 240 za theluji laini, ambazo zikisukumwa na kushindiliwa kwenye lundo hubaki kama mita za ujazo 40 hivi. Ni tipa tatu au nne za mchanga. Zitamwagwa wapi kwenye kiwanja chako? Watu wa mipango miji wanalijua hili: kanuni za ujenzi za Breckenridge zinataka mwenye kujenga atenge eneo la kuwekea theluji lisilopungua robo ya eneo litakalosafishwa. Kama nyumba ni ya kupanga, muulize mwenye nyumba au msimamizi eneo hilo liko wapi. Wengine wameshaweka meza ya kuchomea nyama juu yake.

Zunguka kiwanja Septemba, majani yakiwa bado yanaonekana, uchague sehemu ya lundo. Iwe upande wa chini wa mteremko, ili maji ya kuyeyuka yasirudi njiani usiku na kuganda. Iwe mbali na ukuta wa nyumba, kwa sababu lundo linaloyeyukia ukutani huishia chumba cha chini. Isiwe juu ya shimo la maji taka, isizibe mita ya gesi, wala bomba la maji la zimamoto lililoko kando ya barabara; bomba hilo liachiwe nafasi ya kama mita moja pande zote. Na isiwe kwenye kona ya kutokea barabarani. Lundo la mita mbili pembeni mwa njia yako linaficha gari linalokuja, na linamficha pia mtoto anayesubiri basi la shule.

Kosa kubwa la mgeni ni kuanza karibu. Theluji ya kwanza ni sentimita 10, nyepesi, na unaona hakuna haja ya kuisukuma mbali, basi unaiacha ukingoni mwa njia. Wiki ijayo ukingo umeganda. Inayofuata unaiegemeza hapo, na njia ya mita 5 inakuwa ya mita 4, kisha 3. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee, na huku ukuta unajijenga wenyewe. Theluji ya kwanza isukume mbali kuliko zote: mita moja au mbili nje ya ukingo wa njia, na ile ya mwisho wa njia uifikishe nyuma kabisa ya eneo ulilolitenga. Mbele ya lundo ndiko kutakakojaa baadaye.

Kazi za Oktoba

Chomeka vijiti kabla ardhi haijaganda. Maduka ya vifaa huuza fimbo za plastiki ngumu zenye utepe unaong'aa, lakini hata mianzi inafaa. Ziwe na urefu wa mita moja na nusu, kila baada ya mita mbili au tatu pande zote mbili za njia, na moja ya ziada penye kila kitu kilichojificha: jiwe, kifuniko cha bomba, ukingo wa bustani, ngazi ya mlangoni. Ukishachelewa hadi Desemba utazipiga nyundo zivunjike.

Funga bomba la maji la nje na ulitoe maji yote. Ondoa mpira wa kumwagilia. Hamisha chochote usichotaka kukigusa na plau, lile bapa kubwa la chuma linalofungwa mbele ya gari kusukuma theluji. Kama njia ni ya changarawe, sawazisha mashimo sasa. Changarawe utakayoikokota pamoja na theluji itakuwa kwenye majani yako ikifika Mei.

Mashine iwashwe Oktoba, siyo siku ya dhoruba. Petroli iliyokaa tangu Aprili mwaga, weka mpya. Na kuna jambo la mwinuko ambalo vitabu vya mashine havilitilii mkazo: injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Mashine iliyonunuliwa Denver, yenye kabureta iliyopangwa kwa hewa ya huko au ya pwani, ikifika Breckenridge itakuwa dhaifu na kutoa moshi mweusi. Fundi wa huko juu hubadilisha jeti ya kabureta, kitundu kinachopitisha petroli, kwa pesa kidogo. Nunua mashine yenye nguvu zaidi ya unayodhani unaihitaji, au inunue kulekule.

Kusoma utabiri

Utabiri wa Summit County hutolewa na ofisi ya Boulder ya idara ya taifa ya hali ya hewa ya Marekani. Kwenye simu utaona ngazi tatu. Winter Storm Watch inamaanisha dhoruba inawezekana, jaza mafuta na nunua chakula. Winter Weather Advisory ni theluji ya kusumbua safari. Winter Storm Warning ni kubwa, na imeshafika au iko mlangoni. Usiishie kwenye kichwa cha habari. Fungua maelezo usome saa ya kuanza, saa ya kuisha, upepo na nyuzi joto.

Vipimo ni vya Kimarekani. Inchi moja ni sentimita 2.5, kwa hiyo inchi 12 ni sentimita 30. Nyuzi 32 za Farenhaiti ndipo maji yanapoganda, 15 ni kama hasi 9 za Selsiasi, na 0 ni hasi 18. Namba hizo tatu zinatosha kuendeshea maisha ya huko.

Saa ya kuisha ndiyo inayopanga usingizi wako. Theluji ya sentimita 40 usiisubiri iishe ndipo utoke. Safisha ikifika sentimita 10 au 15, lala, amka usafishe tena. Ni kazi zaidi kwa hesabu ya kutoka nje, lakini hakuna mara moja utakayoshindwa kuinua koleo wala mashine itakayokwama. Kampuni za kusafisha hufanya hivyohivyo: mkataba hutaja kina cha kuanzia kazi, mara nyingi inchi 2 au 3, na madereva hutoka usiku wa manane ili watu wanaokwenda kazini saa kumi na mbili wakute njia wazi.

Nani anayedhani theluji nyingi ni ya Desemba? Machi na Aprili ndizo zinazovunja mapaa na migongo. Rekodi ya Colorado ya theluji ya saa 24 iliwekwa kwenye milima hiyohiyo, Silver Lake, Aprili 14 na 15 mwaka 1921: inchi 75.8, karibu mita 1 na sentimita 93. Usiweke koleo stoo kwa sababu umeona maua.

Koleo

Nunua mawili. Moja pana, la kusukumia, lenye bapa lililopinda. Jingine dogo na imara, la kuinulia na kuvunjia kingo. Koleo kubwa la kuinulia ni mtego: linajaa kilo 10 za theluji yenye maji, na unaliinua mara mia tatu. Paka bapa nta au dawa ya silikoni ili theluji isigande juu yake.

Sukuma kila inapowezekana. Ukilazimika kuinua, piga magoti, shika karibu na bapa, geuza miguu na mwili mzima badala ya kukata kiuno. Theluji ya kina itoe kwa tabaka, nusu ya juu kwanza. Usirushe nyuma ya bega. Na usirushe upande unakotoka upepo, utaivaa.

Moyo ni suala la kweli. Hewa ya mita 2,900 ina kama asilimia 70 tu ya oksijeni unayoipata usawa wa bahari, baridi inabana mishipa ya damu, na kazi ya mikono inapandisha mapigo ghafla. Vifo vya mshtuko wa moyo wakati wa kuchota theluji ni jambo linalojulikana sana kwa madaktari wa nchi za baridi. Mtu mwenye shinikizo la damu, mwenye umri mkubwa, au aliyepanda kutoka tambarare jana, asiichukue kazi hii. Mzee akisema yeye ni mzima, mpe chai, umwachie kijana koleo. Maumivu ya kifua, mkono wa kushoto au taya, kupumua kwa shida: acha hapohapo na piga 911.

Mavazi kwa ufupi. Nguo ya ndani ya sufu au sintetiki, kamwe si pamba, kwa kuwa pamba ikilowa jasho inakugandisha. Juu yake ya joto, juu kabisa ya kuzuia upepo. Toka nje ukihisi baridi kidogo; ukitoka ukiwa na joto utatota jasho baada ya dakika kumi. Vidole vikipoteza hisia na ngozi kugeuka ya kijivu au ngumu, ingia ndani, vipashe kwa maji ya uvuguvugu, usivisugue.

Mashine ya kurusha theluji

Kwa njia ya mita 12 milimani, chagua ile kubwa yenye hatua mbili: parafujo mbele inakusanya, na feni nyuma yake inarusha. Zile ndogo za hatua moja zinafaa kwa vibaraza. Faida ya mashine dhidi ya plau inarudi kwenye swali letu la nafasi, kwani inarusha mita 6 hadi 10 na kutawanya, kwa hiyo malundo hayakui haraka. Kiwanja kidogo kisicho na pa kusukumia kinahitaji mashine hii, hata kama jirani anakucheka na pikapu yake.

Anza katikati ya njia, urushe upande unakokwenda upepo, na kila mzunguko uende kwa nje. Usirushe theluji juu ya ile utakayopitia tena. Nenda polepole penye theluji nzito; mashine ikianza kulalamika, kata upana wa nusu ya mdomo wake tu.

Bomba la kutemea likiziba, na litaziba kwenye theluji yenye maji, zima injini, subiri kila kitu kisimame, kisha chokoa kwa kijiti. Mkono usiingie mle, hata injini ikiwa imezimwa, kwa sababu feni iliyokwama inabaki na mkazo na inaweza kuzunguka ghafla ukishaondoa kizuizi. Vidole vingi hukatwa hivyo kila msimu, na waliokatwa wengi walikuwa wanaijua mashine vizuri. Petroli iongezwe injini ikiwa imepoa. Mashine isiwashwe ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi.

Weka akiba ya pini za parafujo. Pini hizi zimetengenezwa zikatike parafujo linapogonga jiwe au gazeti lililoganda, ili giaboksi ipone. Mtu akiweka boliti ngumu badala yake ameokoa senti na kuua giaboksi.

Pikapu yenye plau

Plau ya pikapu ina upana wa kama mita 2.3 na inaendeshwa kwa haidroliki. Uzito wote uko mbele, hivyo weka mifuko ya mchanga nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji wa plau. Ukiwa safarini ukiwa umeiinua, tazama kipimo cha joto: plau iliyoinuliwa juu sana inazuia upepo usifike kwenye rejeta, na injini inachemka katikati ya baridi. Ishushe kidogo, na uigeuzie upande.

Theluji ya kwanza kwenye changarawe, shusha viatu vya plau, vile vyuma vya chini vinavyoibeba, ili makali yaache sentimita mbili au tatu chini. Tabaka hilo likiganda linakuwa sakafu ya msimu mzima, na changarawe inabaki kwako. Kwenye lami fanya kinyume, kwangua hadi chini kabisa. Jua la mwinuko ule ni kali, na lami nyeusi iliyoachwa wazi inakauka hata hewa ikiwa chini ya sifuri. Ukiacha tabaka jembamba, jua litaliyeyusha saa saba mchana, na saa kumi na moja jioni litakuwa kioo.

Mpangilio wa kazi ni huu. Kwanza mlango wa gereji: sogea hadi karibu na mlango plau ikiwa juu, ishushe, kisha rudi nyuma ukiivuta theluji hadi iwe mbali kiasi cha kuweza kugeuka na kuisukuma. Ukianza kwa kusukuma kuelekea mlangoni, theluji yote itaegemea mlango. Pili, pasua katikati ya njia moja kwa moja hadi kwenye lundo. Tatu, panua pande zote plau ikiwa imegeuzwa, ukivuka ukingo wa njia. Gari lianze kusogea ndipo ushushe plau; ukishusha na kukanyaga mafuta kwa pamoja unaumiza gia. Mwendo wa mtu anayekimbia polepole unatosha kabisa, maana jiwe lililofichwa ukilipiga kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, mkanda wa kiti utakufundisha.

Ukilikaribia lundo, anza kuinua plau mita moja kabla, ili theluji ipande juu badala ya kugonga mguu wa lundo. Hapo ndipo ustadi unapoonekana. Dereva asiyejua anajenga ukuta mfupi unaosogea kuelekea nyumbani kila wiki. Anayejua anajenga kilima kirefu kwenda juu, palepale kilipoanzia. Februari ikifika na nafasi imekwisha hata hivyo, kodisha loda ije irudishe lundo nyuma, au lori lichukue. Ni gharama, lakini ni mara moja.

Usisukume theluji kuvuka barabara hadi upande wa pili. Mabaki yanayobaki katikati ya lami yanaganda na kugeuza magari, na miji ya milimani inatoza faini. Theluji yako iishie kwako. Kwa jirani, omba ruhusa, na uombe kiangazi.

Tuta la mdomoni

Hakuna kinachowaudhi watu kama hiki. Umemaliza kusafisha, umeingia ndani, maji ya chai yanachemka, na greda ya mji inapita na kukuachia tuta la barafu na matope mdomoni mwa njia. Dereva hana kinyongo nawe. Plau yake inamwaga kulia muda wote, na penye mdomo wazi theluji huanguka.

Dawa ipo, nusu dawa angalau. Simama kwenye njia yako ukitazama barabara. Marekani magari hushika kulia, kwa hiyo plau ya upande wako itatokea kushoto kwako. Kabla hujasafisha mdomo, chimba mfuko kando ya barabara upande wa kushoto wa njia, urefu mita 3 hadi 5, upana mita moja au zaidi. Plau ikifika itamwaga mzigo wake kwenye mfuko huo na itapita mbele yako ikiwa karibu tupu. Theluji unayoitoa mwenyewe kwenye mdomo iweke upande wa kulia tu. Ukiiweka kushoto, plau itakurudishia yote.

Tuta linalobaki liondoe mapema. Ni theluji iliyokandwa, yenye chumvi na mchanga, na baada ya saa mbili tatu inakuwa jiwe. Sanduku la barua nalo liachiwe njia pande zote mbili, la sivyo tarishi hatasimama. Gari lako lisilale barabarani usiku wa theluji. Miji mingi ya huko inakataza maegesho ya usiku majira ya baridi, na gari litavutwa kwa gharama yako.

Chumvi, mchanga, na mipaka yake

Chumvi ya kawaida inafanya kazi vizuri hadi kama hasi 9. Chini ya hapo inalegea, na usiku wa mlimani ni chini ya hapo kila mara. Magnesiamu kloridi inavumilia zaidi, ndiyo maana idara ya barabara ya Colorado huinyunyizia lami ikiwa majimaji, na kalsiamu kloridi inafika mbali kuliko zote mbili. Zote zinakula zege changa na kuunguza miguu ya mbwa. Kwenye baridi kali tumia mchanga tu; hauyeyushi kitu, lakini unakupa pa kukanyaga.

Kumwaga chumvi juu ya sentimita 20 za theluji ni kutupa pesa. Ondoa kwanza, kwangua, kisha nyunyiza kidogo. Ngazi na kibaraza upande wa kaskazini vinastahili uangalifu zaidi, kwa vile jua halivifikii hadi Machi.

Paa na mabomba ya hewa

Baada ya kila dhoruba kubwa zunguka nyumba utafute mabomba ya kutolea moshi wa tanuri na boila. Mengi hutokea ukutani, karibu na ardhi. Likizibwa na theluji, kaboni monoksidi inarudi ndani, nayo haina harufu wala rangi. Sheria ya Colorado inataka nyumba za kupangisha zenye vifaa vya gesi ziwe na king'ora cha kaboni monoksidi karibu na vyumba vya kulala. Kibonyeze kila mwezi. Kichwa kikiuma nyumba nzima kwa wakati mmoja, tokeni nje kwanza, mengine baadaye. Hayohayo kwa gari: ukikwama kwenye theluji na injini inawaka, chimbua ekzosi.

Paa lisafishwe kutoka chini kwa reki yenye mpini mrefu. Milango ikianza kukwama na dari kulia, mtafute fundi, usipande mwenyewe. Na watoto wasicheze chini ya paa la bati mchana wa jua, theluji hushuka yote kwa mara moja bila kupiga hodi.

Ukiwa barabarani

Karibu kila anayekwenda na kurudi Denver anapita barabara kuu ya I-70 na handaki la Eisenhower, lililofunguliwa mwaka 1973, mita 3,400 juu ya bahari. Kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, kati ya Dotsero na Morrison, kila gari dogo sharti liwe na matairi ya theluji, au ya matope na theluji, yenye kashata (meno ya tairi) ya kina cha angalau inchi 3/16, karibu milimita 5, au libebe minyororo. Gari linalovuta kwa magurudumu manne linatakiwa angalau liwe na kashata ya kina hicho. Ukizuia barabara kwa kukosa vifaa, faini inazidi dola 650. Jaribu kufunga minyororo nyumbani, kwenye jua, kabla hujaifunga gizani kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Malori ya plau yakienda kwa safu, moja nyuma ya jingine kiupande, kuyapita ni kosa la kisheria Colorado. Kaa nyuma, urefu wa magari matatu au manne. Barabara nyuma yao ndiyo salama kuliko zote utakazozipata siku hiyo. Na ikifungwa kwa sababu ya maporomoko ya theluji, subiri. Machi 2019 maporomoko yaliifikia I-70 yenyewe kati ya Frisco na Copper Mountain na kuyafunika magari.

Ndani ya gari weka blanketi, koleo dogo, mfuko wa mchanga, tochi, maji, nyaya za betri. Betri hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake ikifika hasi 18, hivyo ile iliyochoka itakufa Januari. Safisha paa la gari lote kabla ya kuondoka, siyo tundu la kuchungulia kwenye kioo.

Ukitaka kuugeuza ujuzi huu kuwa ajira, leseni ya kawaida inatosha kwa pikapu; malori yenye uzito wa pauni 26,001 na zaidi yanahitaji leseni ya udereva wa kibiashara. Kaunti na miji huajiri kuanzia kiangazi, na wenye leseni hiyo tayari wako mbele ya foleni.

Aprili na Mei

Malundo yakianza kuyeyuka, chimba mifereji midogo kuyaelekeza maji mbali na msingi wa nyumba, na uwe tayari na mchanga jioni, kwa sababu kila kilichoyeyuka mchana kinaganda usiku. Lundo lililogoma kuyeyuka livunje kwa koleo na ulitandaze juu ya lami siku ya jua. Fagia mchanga na changarawe kabla hazijaingia kwenye majani, osha chini ya gari kuondoa chumvi, mwaga petroli ya mashine au iache iungue yote. Kisha, kabla hujang'oa vijiti, piga picha ya kila lundo lilipofikia, na kila mahali plau ilipogusa kitu. Utaitumia Septemba ukizunguka kiwanja.